Kibao cha Mpapai Usiozaa

Kwenye kitalu chetu cha miche, mpapai ukichanua weee bila kushika tunda, msimamizi huutundikia kibao chekundu: MGUMBA. Kaka yangu akikiona, anafyeka. Vibao naandika mimi. Mke wa kaka, wifi yangu, hujaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, palepale kando, akisikia kila panga linapotua.

Wifi ameolewa zamani na hajapata mtoto. Daktari aliwataka waende wote wawili. Kaka akasema yeye hana tatizo. Mama naye keshaanza kumtafutia mke wa pili.

Jumamosi ile nilikuwa naandika vibao vya mawaridi msimamizi aliponijia.

"Fundi wa herufi, niandikie wagumba wengine. Mwaka huu wamezidi." Akamtupia wifi jicho, akacheka. "Mpaka wengine wanajaza viriba."

Wifi alifungua aproni yake, akaikunja vizuri kama nguo ya sikukuu, akaiweka juu ya rundo la udongo.

"Wifi, Jumatatu sirudi hapa," aliniambia. "Na kwenu pia sijui kama nitakaa."

Nilibaki na brashi inadondosha rangi. Mbele yangu kulikuwa na ule mmea wa majani marefu yenye ncha, ambao wageni kwa lugha yao wanauita ulimi wa mama mkwe. Ua la jirani yake, lisilopumzika kuchanua, wamelipa jina la msichana mhangaikaji. Kitu kikali, mwanamke. Kisichotulia, mwanamke. Na sisi, wenye lugha ambayo yeye ni yeye tu, awe bibi au bwana, tumeokota neno linalomfaa yeyote asiyezaa tukamvika mwanamke peke yake. Lugha haikututuma.

Nikachukua kibao chekundu, nikachovya brashi. Nikaandika, kwa herufi zangu nzuri kuliko zote: DUME LISILOZAA. Nikakitundika kwenye mpapai uliochanua bila kuzaa.

Msimamizi alirudi mbio. "Ndiyo nini hii?"

"Si mpapai dume huo? Wewe ndiye uliyenifundisha kuwa dume halizai."

"Najua ni dume! Lakini huwezi kuandika hivyo, wanaume wanapita hapa. Ni matusi!"

"Mkuki kwa nguruwe, bosi."

Wanawake wa viriba waliangua kicheko. Kaka akatokea na panga begani, akitafuta chekundu kama kawaida yake. Akakiona. Akasoma. Nilimwona midomo ikirudia maneno polepole.

"Fyeka, baba!" mmoja akamchokoza. "Unangoja nini? Si mti tu?"

Alilifuta panga kwenye suruali, na halikuwa na uchafu. Akaliegemeza kwenye shina. Kisha akaenda kuchuchumaa karibu na mkewe, kwenye udongo, akitazama ile aproni iliyokunjwa. Alielewa.

"Yule daktari," alisema kwa sauti ya chini, lakini sote tulimsikia. "Jumatatu anakuwepo?"

"Anakuwepo," wifi akajibu.

"Basi tuombe ruhusa, twende wote."

"Omba wewe," wifi alisema, akijipangusa udongo mikononi. "Mimi nimeshaacha kazi."