Pindo la Gauni

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na si kwa kejeli, maana nguo yake haikuwahi kuonekana na kunyanzi. Yeye na mdogo wake walikuwa na kibanda kimoja cha ushonaji: mdogo mtu akishona, dada mtu akipiga pasi.

Asubuhi hiyo alipofungua mlango alishika kichwa. Nguo za wateja, zilizokwisha kushonwa na kukunjwa, zote zimefumuliwa. Mdogo wake, fundi mwenyewe, amekaa katikati ya vitambaa, macho mekundu, wembe mkononi.

"Wameweka vitu ndani ya mapindo, Dada," alinong'ona. "Vinatusikiliza."

Mama Pasi akacheka, kwani mdogo wake alikuwa bingwa wa mizaha. Kisha akaona anavyotetemeka. Jamani, woga wa namna ile hauigizwi.

Akamnyang'anya wembe na kuanza kubishana naye: hakuna kitu humu, tazama, ni uzi tu! Fundi akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Kumbe na wewe umo," alisema.

Neno hilo lilimchoma Mama Pasi kuliko pasi yoyote. Na kabla hajajua la kufanya, mwenye bucha ya jirani akasimama mlangoni na kamba.

"Tumfunge tumpeleke hospitali. Akikimbilia barabarani je?"

Hakuwa mtu mbaya, hofu tu. Lakini Mama Pasi alijua: akifungwa leo mbele ya wateja wake, hata akipona hatamwamini tena mtu yeyote, kuanzia dada yake.

"Kamba yako kafungie mbuzi," alimjibu. "Nipe nafasi."

Akaketi sakafuni. Safari hii hakubisha. "Mdogo wangu, mimi hivyo vitu sivioni. Ila naona umeogopa, na hujalala. Twende kwa daktari, mimi na wewe."

"Siendi na gauni hilo. Lina pindo."

Gauni lenyewe, alilovaa Mama Pasi, fundi ndiye aliyemshonea. Mama Pasi akavuta pumzi, akachukua wembe uleule, akalifumua pindo lote mpaka nyuzi zikamwagika miguuni, kisha akalikung'uta mbele yake. Fundi akalipapasa kwa vidole. Mabega yakamshuka.

Wakatoka wameshikana mikono. Mtaa ukakodoa macho: Mama Pasi huyo, gauni linaburuza, nyuzi zinaning'inia! Aibu aliiona, weee, mpaka masikio yakawaka moto. Mkono hakuuachia.

Hospitalini, muuguzi wa mapokezi alimtazama fundi, shati lake bado limenyooka kwa pasi ya jana. Akamtazama dada mtu, juu mpaka chini, kwa huruma.

"Poleni. Mgonjwa ni huyu mama?"

Fundi alikuwa ameinamia lile gauni lililofumuka, analitazama kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Akaubana mkono wa dada yake.

"Hapana," akasema. "Huyu ni dada yangu. Mgonjwa ni mimi."