Maji ya Mgeni Rasmi

Jumanne saa nne asubuhi, matroni Devota alikuwa nyuma ya hosteli ya wasichana akichuja maji ya bomba kwa kipande cha kanga. Tope lililobaki kwenye kitambaa lilitosha kukandika banda la kuku. Wasichana wawili wa kidato cha nne walikuwa wamelazwa Kilosa kwa kuhara, na mtihani wa taifa ulikuwa Jumatatu. Waliobaki walikuwa thelathini na sita, na Devota alikuwa ameshawaahidi wazazi kwamba hao wote watakaa kwenye viti vyao.

Likaja gari la serikali. Kabla halijazimwa, bomba likakohoa mara mbili, likatoa maji meupe kabisa.

Fortunatus, mkaguzi wa mradi wa maji, akashuka na chupa zake za vipimo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unayaona? Tangu siku ya kukata utepe hayajatoka hivi."

"Yananijua," alisema Fortunatus akijaza chupa. "Hata Kidodi ni hivyo hivyo. Tukifika yanatakata, tukiondoka yanarudia tope lake."

"Basi liandike hilo."

Fortunatus akaigeuza fomu, akaitazama mbele na nyuma. "Halina sehemu yake."

Devota hakubishana. Alikuwa mtu wa watu, nyumba yake haikukosa wageni hata miaka ya njaa, na kwake mgeni haondoki kabla hajala. Akainjika makande, ya maharage ya msimu wa juzi, yale yanayochosha kuni. Kisha akamnong'oneza Scolastica muuza vitumbua, na kumnong'oneza Scolastica ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti. Robo saa haikuisha, kijiji kizima kilikuwa kwenye foleni: ndoo, madumu, masufuria, mpaka beseni la kuogeshea mtoto.

"Mama, haya makande hayaivi?" Fortunatus aliuliza saa saba.

"Yanachemka, baba. Kwani kwenu mnakula mabichi?"

Scolastica akadakia kutoka kwenye foleni: "Kitambi chote hicho, halafu anaogopa kusubiri!"

Watu wakacheka. Fortunatus naye akacheka, akasogeza kiti kivulini. Alijua kinachoendelea, kila kijiji alichokagua kilimpikia kitu kigumu kuiva.

Saa kumi simu yake ikaita. Alikuwa anasubiriwa Mikumi, na sahani ya tatu ilikuwa imeisha.

"Kaa mpaka Jumatatu," Devota alimwambia, sauti imeshuka. "Wanangu waingie kwenye mtihani wakiwa wazima. Chumba kipo."

"Nina mabomba thelathini na moja, mama. Yote yananisubiri."

Akajaza fomu: maji yanatoka, ni safi. Ndivyo alivyoyaona. Akasaini. Gari lilipopinda kona, ndoo iliyokuwa chini ya bomba ilikuwa imefika nusu. Nusu iliyobaki ikajaa tope.

Akiba ya maji safi iliisha Alhamisi. Ijumaa ikaja barua ya pongezi: kwa kuwa maji ya hosteli yamethibitishwa kuwa salama, mgawo wa vidonge vya kutibu maji umesitishwa. Devota akawasomea wasichana, akaikunja, akawagawia madumu waende mtoni. Kuni zilizobaki zilitosha ugali tu, si kuchemsha maji ya watu thelathini na sita.

Jumatatu, kati ya viti thelathini na nane, tisa vilikuwa vitupu, pamoja na vile viwili vya waliolazwa Kilosa.

Msimamizi wa mtihani alifika na gari la serikali na askari mmoja, na maji yakatakata. Akanywa glasi mbili, moja baada ya nyingine.

"Mna bahati ya maji hapa, matroni."

"Leo tunayo," alisema Devota.

Scolastica alikuwa ameshaliona gari, na foleni ikafika getini na madumu yake. Askari akairudisha: eneo la mtihani, asisogee mtu. Kule darasani wasichana ishirini na tisa waliyasikia maji yakitiririka saa tatu nzima, na mtahiniwa haruhusiwi kutoka. Devota akabaki peke yake na bomba, akajaza alivyoweza.