Mtu Katikati ya Mianzi

Efraimu Mhema alikuwa amepiga magoti kwenye majani yenye umande, akining'iniza mfuko wa mawe chini ya stendi ya kamera ili upepo usiitikise. Mfuko ulikuwa wa mbolea. Mawe alikuwa ameyaokota njiani wakati anapanda kilima. Juu ya kamera aliweka pima maji aliyoiazima kwa fundi seremala, akaikodolea mpaka kile kipovu kikatulia. Kisha akafungua daftari na kuweka alama ya vema kwenye mstari wa kwanza: *Kamera inyooke.*

Mstari wa pili ulisema: *Usiweke kitu katikati.* Huo ndio uliokuwa umemtesa. Kwa miaka kumi na tisa Efraimu alikuwa akipiga picha za pasipoti katika studio yake karibu na stendi ya mabasi ya Makambako, na katika picha ya pasipoti kila kitu hukaa katikati, la sivyo inarudishwa. Mwaka jana usharika ulipomwomba picha ya mandhari kwa ajili ya kalenda, aliupiga mlima kama anayempiga mtu picha ya kitambulisho: kilele katikati, mabega sawa kushoto na kulia. Juu ya hayo, picha ikatoka na ukungu. Mama mmoja aliiona kalenda hiyo ukutani kwa shemeji yake, akauliza eksirei ile ni ya nani.

Efraimu hakukasirika. Aliitazama picha ile siku mbili, akakubali kwamba ilifanana na kifua. Siku ya tatu akanunua daftari.

Sasa usharika ulikuwa umejenga hosteli Makambako, na ukuta wa chumba cha chakula ulihitaji picha ya mita mbili. Efraimu alikuwa ameomba apewe nafasi nyingine. Kamati ilikubali, ila katibu wake, Mama Esnath, alikuwa tayari ameiona dukani picha nyingine, yenye fremu, ya ziwa la nchi isiyojulikana na bata weupe wenye shingo ndefu. Picha ya Efraimu isipofaa, ukutani wangekaa bata. Na Efraimu angepita mbele ya bata wale kila Jumapili baada ya ibada, maisha yake yote.

Kwa hiyo alikuwa hapa, Jumanne alfajiri, juu ya bonde moja nusu saa kutoka Makambako kwa barabara ya Njombe. Alichagua kichaka cha mianzi kilichokuwa theluthi ya mwanzo ya bonde, akakikuza kwenye kioo cha kamera, akazungusha pete ya lenzi pole pole mpaka kila jani likajitenga na mwenzake. Halafu akasimama, akaacha kutazama kioo, akatazama mwanga. Saa kumi na mbili na dakika arobaini jua lilichungulia, likalala ubavuni mwa matuta ya viazi, kila tuta likapata kivuli chake. Efraimu akabonyeza kitufe mara moja. Kisha ukungu ukapanda na kulifunika bonde lote.

Saa tano alikuwa studio mbele ya kompyuta. Picha ilikuwa kali. Matuta yalihesabika. Kwenye barabara ya mbali kulikuwa na lori la mbao, na mbao nazo zilihesabika. Aliikuza sehemu ya mianzi ili kufurahi, akaona mtu.

Mtu huyo alikuwa amesimama katikati kabisa ya mianzi. Alikuwa amevaa koti, ameikunja ncha ya mwanzi mchanga kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine ameiinua mbeta, kile kikombe cha mwanzi ambacho ulanzi, pombe ya mianzi, hudondokea, mpaka mdomoni. Kofia yake ilikuwa ya kijivu yenye kiraka. Kofia ile usharika mzima huiona ikiwa imetundikwa kwenye msumari wa mlango wa kanisa kila Jumapili. Ilikuwa ya Mzee Yoramu Mgaya, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya hosteli, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amewafundisha watoto wa kipaimara somo la ubaya wa pombe, na kwa ulanzi hutenga kipindi kizima.

Efraimu aliikuza zaidi kwa matumaini kwamba picha ingeharibika. Haikuharibika.

Kamati ilikuwa ikutane hosteli saa tisa. Efraimu alifika saa nane na nusu akijua Mzee Yoramu huwahi.

"Kamwene, Mzee."

"Kamwene, Efraimu. Picha imetoka?"

"Imetoka sana."

Akafungua kompyuta. Mzee Yoramu aliitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Hicho ni kisiki," alisema.

"Kina kofia, Mzee."

"Visiki vingine huota uyoga."

Efraimu hakuwa mtu wa kuhukumu haraka. Alilifikiria suala la uyoga kwa haki. Kisha akakuza mara moja zaidi. Uyoga ulikuwa na masharubu.

"Ukutani kitakuwa na ukubwa gani?" aliuliza Mzee Yoramu.

"Picha ni mita mbili. Kitakuwa kama kiganja."

"Mkabala na meza ya chakula."

"Mkabala nayo."

Mzee Yoramu alivuta kiti, akaketi. "Unajua, ile ya mwaka jana watu waliisema bure. Ile ilikuwa na unyenyekevu. Hii inajua mambo mengi mno. Huwezi kuirudishia ule ukungu? Kidogo tu. Hapo."

Efraimu alijua anaweza. Ni kazi ya dakika moja. Alitazama mianzi, majani yaliyojitenga moja moja.

"Nikitia ukungu pale tu, Mzee, macho ya watu wote yatakwenda palepale. Watauliza kimefichwa nini."

"Hilo umelisoma wapi?"

"Ukurasa wa kumi na moja." Akagusa daftari.

Mzee Yoramu alikuwa bado anautafakari ukurasa wa kumi na moja Mama Esnath alipoingia, mkoba begani, kalamu tayari mkononi.

"Shikamoo, Mzee. Efraimu, baba, hebu tuone. Safari hii ni kifua au ni mguu?"

Mzee Yoramu aliangalia dari. Efraimu akafunga kompyuta.

"Nimekosea jambo moja, Mama. Nairudia kesho."

"Umekosea nini?"

"Kuna kitu kimekaa katikati."

"Tena?" Mama Esnath aliandika kitu. "Haya. Gari la kwenda Iringa kuchapisha linaondoka Alhamisi saa nne asubuhi. Lisipopata picha, linapitia dukani kuchukua bata. Mimi wale bata nawaona vizuri. Kila bata na mdomo wake."

Jumatano, bado giza halijaisha vizuri, Efraimu alimkuta Mzee Yoramu amefika kilimani kabla yake. Alikuwa amekaa juu ya lundo la mawe safi, yenye ukubwa sawa.

"Nimekuja kuhakikisha bondeni hakuna mtu," alisema.

"Hakuna, Mzee. Yuko hapa."

Mzee Yoramu aliinuka juu ya mawe. Alisaidia kujaza mfuko. Kisha wakakaa kuungoja ukungu, uliokuwa umelala bondeni kama pamba gunia zima. Saa kumi na mbili na nusu ikafika. Dakika arobaini zikafika. Mzee Yoramu alikuwa akinyoosha vidole na kuvikunja.

"Zimejaa sasa," alisema peke yake.

"Zipi?"

"Nasema mito. Kwa mvua hizi."

Wakakaa tena. Jana jioni Mzee Yoramu hakugema ulanzi wake, maana aliogopa kamera ingekuwa bado iko pale. Na mbeta zikijaa hakuna anayezingoja, humwagika. Efraimu alilijua hilo kama anavyolijua mtu yeyote wa Njombe, akaifuta lenzi.

"Umeisimamisha vibaya," Mzee Yoramu alisema ghafla.

"Pima maji inasema sawa."

"Nasema mahali. Sogea huku, hatua nne. Hapo njia ya mtoni itaingilia pembeni ikupeleke kwenye mianzi yenyewe. Pale ulipo inakata picha kama kamba ya nguo. Na jua usilianzie viazini. Jua huanzia kwenye lile jiwe kubwa la ng'ambo, likatoka pale likaingia mianzi, viazi mwisho. Mianzi ina dakika kumi na moja tu. Baada ya hapo yote rangi moja."

Efraimu aliandika. "Umezipima, Mzee?"

"Miaka ishirini na miwili."

Wakahamisha stendi hatua nne. Ukungu ukapasuka kidogo, na Efraimu akaona njia ikiingia kutoka pembeni kama alivyoambiwa, ikipinda kuelekea kwenye mianzi. Kisha ukafunga. Ulipofunguka kabisa ilikuwa saa mbili, jua liko juu, bonde zima limekuwa bapa.

Efraimu alitazama kwenye kioo. Mianzi ilikuwa mikali, lakini hakuna aliyeweza kujua ni mirefu kiasi gani; ingeweza kuwa majani ya kitunguu.

"Inahitaji mtu," alisema. "Kwa kipimo. Pembeni, si katikati."

Mzee Yoramu alifikiri. "Akiwa amegeuza mgongo?"

"Jumapili unakaa mstari wa mbele, Mzee. Mgongo wako wanaujua kuliko uso."

Mzee Yoramu alikubali kwa kichwa kwamba hilo lilikuwa kweli. Akaingiza mkono kotini, akatoa kisu kidogo kilichonolewa mpaka kikawa chembamba, kile cha kugemea, akachonga vijiti vitatu na kuvipigilia ardhini palipokanyaga miguu ya stendi.

"Usije ukapapoteza," alisema. "Kesho saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Gari ni saa nne."

"Na huyo mtu wa kipimo?"

"Sijui bado, Mzee."

"Nami nitaliwaza." Alivaa kofia, akashuka kwa njia ya mtoni kuelekea mianzini, haraka kidogo kuliko umri wake. Efraimu akafunika lenzi, akamwaga mawe karibu na vijiti, na kwenye daftari akaandika *jiwe, mianzi, viazi,* akaacha nafasi ya alama ya vema.