Nafasi Sitini, Viti Vinane

Simu ilitetemeka juu ya meza mpaka ikadondoka sakafuni, na hata ilipolala kifudifudi kati ya vipande vya nyuzi haikunyamaza. Kila mtetemo ulikuwa mtu mmoja. Niliiokota, nikasoma. Watu hamsini na watatu walikuwa wamejiandikisha kwa darasa la mama mkwe wangu la kutengeneza cherehani. Nilipotoka kunawa uso walikuwa hamsini na wanane. Chumba chetu cha mbele kilikuwa na viti vinane.

Kosa lilikuwa langu tupu. Duka letu la mtandaoni lilijengwa kuuza vipuri: sindano, bobini, mikanda, skrubu zisizozidi ukucha wa mtoto. Halikujua darasa ni kitu gani. Nilipotaka kuliweka sokoni liliniuliza uzito wake kwa gramu, rangi yake, na kama ni kitu cha kuvunjika. Nikachoka kubishana nalo. Nikanakili ukurasa wa sindano, nikabadilisha picha, nikabadilisha maelezo, nikaandika tarehe, nikaenda kupika. Sindano tulikuwa nazo pakiti sitini, kwa hiyo duka, kwa utiifu wake wote, likatangaza nafasi sitini. Chini kabisa paliendelea kusomeka kwamba bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi. Na kila aliyejiandikisha alipata ujumbe uleule: Mzigo wako uko njiani.

"Dada, darasa langu limefika wapi?" mteja mmoja alikuwa ameshapiga kuuliza. "Nije na begi gani?"

Wakati mwingine ningecheka. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke, kwa sababu ilinibidi niende kumweleza mama mkwe.

Nilikuwa namwogopa, sifichi. Wateja walimwita Fundi Mama, nami niliishi naye mwaka wa nne bila kujua kama ananipenda au ananivumilia. Mwanawe, mume wangu, ni mpima ardhi. Kazi yake humweka mbali na nyumbani wiki tatu kati ya nne, hivyo nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili na mashine kumi na nne. Mama mkwe aliingia kiwanda cha nguo akiwa msichana, ameajiriwa kufagia nyuzi chini ya cherehani. Huko chini, alinisimulia siku moja akiwa na furaha isiyo ya kawaida, ndiko mashine huonyesha matumbo yao. Alifagia huku akitazama juu. Mwaka wa pili mstari mzima wa mashine ulisimama, mafundi wakalaumiana mpaka saa sita mchana, na mfagiaji akaweka ufagio chini, akaomba bisibisi. Kiwanda kilipofungwa, miaka thelathini na mmoja baadaye, alirudi nyumbani na sanduku la vifaa na kidole gumba cha kushoto kisichokunjika. Mtu akimletea kitambaa akitaka gauni, alikereka. "Mimi natibu mashine," alimwambia. "Nguo katafute washonaji."

Duka la mtandaoni lilikuwa wazo langu, baada ya ofisi niliyokuwa karani kufunga milango. Yeye aliliita "lile duka lako la hewani." Lakini aliona jambo ambalo mimi sikuliona. Watu walinunua kipuri, kisha wakapiga simu kuuliza kinakaa wapi. Naye aliwajibu, simu imebanwa kati ya sikio na bega, chakula kikipoa mezani.

"Hawa hawataki mkanda," aliniambia asubuhi moja. "Wanataka kujua. Niweke na mimi kwenye hilo duka."

"Nikuweke vipi, Mama?"

"Kama unavyoweka mikanda. Piga picha, andika maelezo, tuone nani atakuja."

Basi walikuwa wamekuja, sitini kamili, kwa siku mbili. Nilimkuta karakanani ameinamia mashine, taa ndogo imefungwa kwenye paji la uso. Nilimweleza yote bila kupumzika. Nikamalizia kwamba nitawaandikia watu hamsini na wawili kuwaomba radhi, niwarudishie ada zao, jambo liishe.

Alizima taa. "Wamejiandikisha wapi hawa?"

"Dukani kwetu, Mama."

"Basi wamejiandikisha kwangu. Lete majina na namba za simu. Na daftari, lile kubwa."

Alikaa kwenye kigoda siku tatu, akawapigia wote sitini. Hakuwaomba radhi. Alijitambulisha, kisha akauliza swali moja: "Mashine yako inakusumbua nini?" Halafu akawaacha waseme. Nilikuwa naandika pembeni, na kufikia jioni ya kwanza nilielewa anachofanya. Alikuwa anawapanga kwa maradhi, kama zahanati. Wanaokatikiwa uzi siku moja. Wanaorukiwa mishono siku nyingine. Wenye mashine nzito kukanyaga wapewe yao. Na wale ambao hawajawahi kugusa cherehani maishani, ambao walikuwa saba, aliwaweka mwisho kabisa: "Hao wana bahati. Hawana cha kusahau." Sitini wakawa makundi manane. Kosa langu likageuka ratiba, na ratiba ile, nikiitazama leo, ndiyo tunayofundishia mpaka sasa.

Jina la arobaini na moja lilikuwa la mwanamke aliyejaza fomu kwa kuzungumza na simu yake, nayo simu ikaandika ilivyosikia, bila nukta wala mkato. Mimi sioni cherehani yangu inaruka mshono mafundi wote wanasema imekufa mimi naisikia bado ina uhai.

Mama mkwe alinitaka nimsomee mara mbili.

"Huyu tumwambie tu kwa upole," nilisema. "Sindano, mikanda inayozunguka... Na wewe mwenyewe utafundisha kwa kuonyesha, Mama. Utamwonyesha nini?"

Alipiga ile namba. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa mshonaji wa foronya. Macho yalimpotea kidogo kidogo kwa miaka mitatu, lakini mshono wa moja kwa moja, alisema, mikono ilishaujua zamani. Alimlea binti yake kwa foronya. Sasa mashine ilikuwa imekaa miezi mitano chini ya shuka. Mafundi wawili waliifungua, wakaifunga, wakaondoka.

"Njoo," mama mkwe alimwambia. "Alhamisi ijayo. Uje na hiyo maiti yako."

Nikasikia mtu akicheka upande ule wa simu, cheko la kushtukizwa.

Kesho yake nilipeleka chai karakanani nikamkuta amejifunga macho kwa kitambaa cha kichwa. Mbele yake palikuwa na mashine wazi, skrubu zimetapakaa, na kidole chake cha shahada kilikuwa kinatoka damu. Miaka arobaini kasoro ya ufundi, na alikuwa anapapasa kama anayetafuta kibiriti umeme ukikatika. Nilirudi nyuma taratibu.

"Nakusikia," alisema. "Weka chai, usiniambie iko wapi."

Aliimwaga. Siku ya pili hakuimwaga. Lakini mashine ilimshinda siku ya pili, na ya tatu, na ya nne. Ugonjwa wa kuruka mshono uko mahali padogo mno: ndoano iliyo chini ya sahani, kile kibati inapozama sindano, hupita nyuma ya sindano na kunyakua uzi, na ikichelewa hata kidogo tu, inapita mikono mitupu. Fundi huinama akatazama. Hakuna fundi asiyetazama. Siku ya nne alirusha bisibisi ikagonga ukuta, akalia kwa hasira, kitambaa kikalowa machoni. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya msiba wa mumewe. Nilisimama mlangoni nisijue kama ni heshima kuingia au ni heshima kuondoka.

"Mama, hakuna atakayekulaumu ukimwambia haiwezekani."

"Mafundi wawili wameshamwambia hilo," alisema. "Hahitaji wa tatu."

Ilikuwa siku ya sita aliponiita kwa sauti iliyonifanya nidhani ameumia. Alikuwa ametunga uzi mnene kwenye sindano, akaushika ncha kwa vidole viwili, kwa wepesi, kama unavyoshika sikio la mtoto mchanga. "Zungusha gurudumu kwa mkono. Polepole. Tena." Nilizungusha. Akaguna. Akaukabidhi uzi mkononi mwangu na kuzungusha yeye. Sindano ilishuka, ikaanza kupanda, na nikahisi uzi ukivutwa, mvuto mdogo, dhahiri, kama samaki mdogo akionja chambo.

"Umeisikia? Hiyo ndiyo ndoano imenyakua. Ikija mapema utaisikia mapema. Ikichelewa, utaisikia imechelewa. Isiponyakua, kimya." Alivua kitambaa. Macho yalikuwa mekundu na uso umejaa alama za mikunjo, na alikuwa anatabasamu kama msichana. "Miaka yote hii nimekuwa natazama tu, kumbe jambo lenyewe lilikuwa linashikika."

Alhamisi walikuja wanane, karibu wote wa mishono inayoruka. Mshonaji wa foronya aliletwa na binti yake, wakiwa wamebeba mashine katikati kama mgonjwa. Mama mkwe alimpa jina hapohapo, Mama Foronya, akamkalisha kiti cha mbele. Aliyeketi karibu naye alikuwa mshona mabegi, mtu mpana mwenye saa kubwa na subira ndogo. Mama mkwe alifundisha kwa kutaja kila kitu kwa mahali pake: juu, chini, kushoto kwa vidole viwili, iliyo baridi, yenye mkwaruzo. Kazi ilikwenda polepole. Baada ya saa moja mshona mabegi alikohoa.

"Fundi, kwa heshima, tutamsubiri mwenzetu mpaka lini? Sisi wengine tunaona."

Nilimtazama mama mkwe, nikijua ulimi wake unavyoweza kuchubua ngozi. Lakini kabla hajafungua mdomo, Mama Foronya aligeuza uso upande wa ile sauti.

"Kaka, hebu kanyaga hiyo mashine yako kidogo."

Alikanyaga, kwa kiburi.

"Endelea. Inagonga."

"Najua inagonga. Nimeshaifungua mara nne. Ndani hamna kitu."

"Haigongi kila sindano ikishuka," Mama Foronya alisema. "Inagonga, halafu inakaa, inakaa, inagonga. Kitu cha ndani kingegonga kila mzunguko. Hicho ni kitu kinachosafiri mbali ndipo kirudi."

Mama mkwe alipiga hatua moja mbele, kisha akajizuia. Nililiona hilo: jibu lilikuwa limemfika mdomoni, akalimeza. Mshona mabegi aliinama polepole, akashika mkanda unaotoka gurudumu kubwa la chini, akauvuta kidogo kidogo mpaka kile chuma kinachounganisha ncha mbili kikafika vidoleni mwake. Kilikuwa kimesimama wima upande mmoja. Alikibana kwa koleo, akakanyaga. Mashine ikaenda kimya, kimya kabisa, kama maji kwenye mfereji.

Akaivua saa yake, akaiweka mfukoni. Sijui kwa nini. "Samahani, dada yangu," alisema. Na kwa muda wote uliobaki yeye ndiye aliyemzungushia Mama Foronya gurudumu, mkono wake mkubwa ukienda taratibu kama anayebembeleza, huku yule mama ameshika uzi, shingo imeinama, mama mkwe akilegeza ndoano na kuisogeza kiasi kisichoonekana.

"Kimya," Mama Foronya alisema.

Kidogo tena.

"Kimya."

Kidogo tena. Wengine wote, na mimi, tulikuwa tumesimama.

"Ngoja," akasema. "Ngoja hapo. Imevuta."

Mama mkwe alimpa yeye bisibisi akakaza mwenyewe. Kisha kitambaa, kisha kiti kikasogezwa, na Mama Foronya akashona mshono mmoja mrefu wa foronya, moja kwa moja, bila haraka. Alipomaliza aliutoa, akapitisha ukucha juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ulitoa mlio mdogo usiokatika. Hakulia. Alikunja kitambaa mara nne, akamkabidhi binti yake, akasema, "Waambie wale mafundi."

Tangu siku ile imepita miaka kumi na mmoja. Mama Foronya hufundisha kwetu Jumamosi moja kila mwezi; darasa lake linaitwa Kusikiliza Mashine, na nafasi zake huisha kabla ya nyingine zote. Duka limejifunza darasa ni nini, ingawa mpaka leo bado linaniuliza uzito. Watu huja kuniuliza siri ya biashara yetu, nami huwapa majibu ya kawaida kuhusu picha nzuri na maelezo mafupi. Ukweli nauona kwa mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka sitini na mitatu alipojifunga macho siku sita kwa ajili ya jina la arobaini na moja, na sijui hilo linaandikwaje kwenye ukurasa wa bidhaa.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni alasiri ya siku ileile, wote wakiwa wameondoka. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na dirisha amenipa mgongo, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Nilikuwa nafagia. Mashine moja ilibaki mezani, haijaguswa, ikimsubiri mtu wa kundi la kesho. Miaka yote ile nilikuwa nimeuza kila kipande kilichomo ndani yake na sijapata hata siku moja kuifungua. Niliweka ufagio chini, nikavuta kiti, nikachukua bisibisi ndogo na kuilenga skrubu ya sahani.

"Hiyo siyo," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Anza na ya kushoto, mwanangu."