Mchuzi Usioonjwa

Tangu Sarojini awasili juzi kutoka Mumbai, Girija hakuvuta pumzi ya amani. Wifi yake yule ulimi wake ulikuwa upupu. Nyumba ilikuwa ya Sarojini, hilo halikuwa na ubishi. Kwao nyumba humfuata binti, na mke wa kaka hubaki mgeni hata akizeekea humo. Lakini aliyemlisha na kumwogesha mama mkwe miaka tisa, mpaka akakata roho, ni Girija. Leo marehemu alikuwa anaandaliwa chakula chake cha mwaka, na Girija alitaka kitu kimoja tu: bibi yule ale tena kutoka mkononi mwake. Kesho wangeondoka, yeye na mumewe. Sarojini alikwisha kuwaambia wafunge mizigo.

"Utakaanga kimoja kimoja mpaka lini, wifi?" Sarojini alimsimamia kichwani. "Watu wana njaa."

"Pilipili peke yake, giligilani peke yake. Mama ndivyo alivyotaka."

"Mama yangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, usijisahau."

Girija akaendelea kukaanga. Tangu asubuhi hakutia kitu kinywani, maana chungu cha marehemu hakionjwi na mtu, hata mpishi. Chumvi aliitia kwa kukadiria, mengine akayaachia pua. Alisaga viungo na nazi na ukwaju juu ya jiwe mpaka mkono ukafa ganzi, akatia kuku, mwisho akamimina tui. Mafuta mekundu yalipopanda juu, alipunguza moto, akaenda kisimani kuosha majani ya mgomba.

Aliporudi, ukoo mzima ulikuwa barazani. Mjomba Tyampanna, kaka wa marehemu na mkuu wa ukoo, alikuwa amekwisha kufagiza chumba. Chakula kingepangwa humo juu ya jani, mlango ufungwe, marehemu aachwe ale peke yake.

Sarojini alisimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni.

"Kabla hamjamsifu mpishi wenu, mjue mchuzi hauna chumvi. Maji matupu! Ndivyo mama yangu alivyolishwa miaka tisa?"

Mjomba Tyampanna akainua kichwa.

"Umejuaje?"

Sarojini akaishusha mikono na kuificha nyuma.

"Nakuuliza wewe. Umeuonja mchuzi wa dada yangu kabla yeye hajala?"

"Kidole tu, mjomba..."

"Mwageni. Kuku mwingine achinjwe."

Macho yote yakamgeukia Girija, kana kwamba yeye ni punda wa kupakiwa mara ya pili. Hasira zikampanda. Akayabwaga majani chini.

"Nyumba yako, jiko lako, mama yako," akamwambia wifi yake. "Mpikie basi!"

Akaenda kukaa kwenye ngazi za baraza, mgongo kwa watu.

Kuku alipokwisha kunyonyolewa, Sarojini alimwaga pilipili, jira, giligilani na uwatu vyote kwenye kikaango kimoja, juu ya moto mkali. Moshi ukatoka jikoni na kuwapiga watu kooni. Shangazi walikimbilia uani wakipiga chafya. Mjomba alikohoa mpaka akashika nguzo.

Girija alifurahi, tena sana. Lakini furaha haikudumu. Atakayefungiwa chumbani na uchungu ule ni mama mkwe wake, aliyekuwa akimwuliza kila mchana, "Umepika nini, mwanangu?" Machozi yaliyomtoka hayakuwa ya moshi.

Akainuka, akaingia jikoni, akakinyakua kikaango na kukirusha nje na vilivyomo.

"Toka jikoni kwangu!"

"Kwako?" Sarojini akabweka katikati ya kikohozi. "Mjomba, umemsikia huyu? Eti kwake!"

Mjomba Tyampanna alikuwa mlangoni, anafuta macho kwa ncha ya shuka.

"Nimemsikia," akamwambia Sarojini. "Toka."