Ramani ya Uchokozi

Ndani ya kompyuta bwawa lilikwisha kufa, na aliyeliua ni Yasir kwa mkono wake.

Kwenye mfumo wa ramani wa ofisi ya mipango, nyumba zilipakwa njano, maduka mekundu, bustani kijani. Bwawa la kijiji kimoja kilichomezwa na jiji la Guangzhou, nyuma ya maghala ya Sanyuanli, lilipakwa kijivu. Kijivu maana yake hapana mtu mwenye haja napo. Yasir, kijana wa Unguja anayesomea mipango ya mandhari na kujifunza kazi ofisini humo, alikuwa amepita mlango kwa mlango na fomu akiuliza wakazi wana maoni gani, na kila mlango ukamjibu neno lile lile: meiyou. Hamna. Kompyuta haijui haya wala woga. Iliambiwa hamna, ikaweka hamna. Ijumaa kamati ingekaa. Ikipitisha, malori yangemwaga kifusi na bwawa lingegeuka maegesho.

"Nawe ukarudi na meiyou yako umeikumbatia kama mwali!" Kazija alimcheka. Mama huyu alisafirisha vitambaa kwenda Zanzibar, na dirisha la chumba alichopanga lilitazama bwawa. "Hebu chungulia, msomi. Hao ndio wasio na maoni."

Yasir akachungulia. Wazee walikuwa wametundika vizimba vya ndege kwenye mti mkubwa wenye mizizi inayoning'inia kama ndevu. Wacheza chesi walikuwa wamekunjiana ndita. Mama Chen alikuwa akichota uji wa mchele, foleni imepinda mpaka ukingoni mwa maji. Ndege ya abiria ilipita chini chini kwenda kutua uwanja wa Baiyun, na hakuna aliyejisumbua kuinua kichwa.

"Sasa mbona hawakusema?"

"Mwanangu, umewaendea na karatasi ya serikali. Wewe sheha akikujia na kalamu, akikuuliza hali ya mtaa, utamwambia nini?"

"Nitamwambia ukweli!"

"Utamwambia salama. Usinifanye mie mjinga."

Lilimchoma, na Yasir hakuwa mtu wa kuchomwa akatulia. Mashairi alijifunza peke yake, akihesabu mizani vidoleni, na barazani kwao alijua jambo ambalo chuo hakikumfundisha. Ukitunga la kusifu, watu watakushukuru waende zao. Ukitunga la uchokozi, ukautia mtaa wa watu dosari, alasiri haifiki umeshajibiwa na mtaa mzima, hata na wasiojua kina ni kitu gani.

"Da Kazija," alisema, "hawa nitawachokoza."

Akachapa ramani kubwa ya bwawa na kuijaza makosa kwa makusudi. Mti akauhamishia ng'ambo ya pili. Kivuli cha wenye ndege akawapa wacheza chesi. Mama Chen akambandika ubavuni mwa choo. Juu akaandika kwa Kichina: Hivi ndivyo bwawa lilivyo. Asubuhi akaigandisha ukutani kando ya bwawa, akaning'iniza penseli nyekundu kwa uzi, akakaa kunywa uji.

Mama Chen akaisoma. Akaisoma tena. Akaweka upawa chini.

"Nani kanitia chooni?"

"Ramani ya ofisi," Yasir alijibu, macho kwenye bakuli. "Labda ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo? Baba yangu aliuza uji chini ya mti huu, wewe na aliyechora hamjazaliwa!" Akainyakua penseli.

Basi, pakawaka. Mwenye ndege akampokonya penseli mcheza chesi, mcheza chesi akaenda kuleta ya kwake. Kikantoni kilimpita Yasir masikioni kama mvua ya mawe, lakini vidole havikuhitaji mkalimani: hapa, siyo pale! Mzee mmoja akasukuma watu, akachora mstari mrefu katikati ya maji.

"Na hii je? Mashua yetu ya joka mmeitupa wapi?"

Yasir alishtuka. Mashua ya mashindano ya kijiji ilikuwa imezikwa kwenye tope la bwawa, kama desturi ilivyo, mbao zisikauke zikapasuka, na kila sikukuu ya mashua hufukuliwa ikakimbia mtoni. Hapana fomu iliyowahi kuiulizia.

Mhandisi Liang, mkuu wake ofisini, alipoiona karatasi ile iliyovuja damu ya penseli, akashika kichwa. "Umebandika ramani ya uongo ukutani? Unataka nifukuzwe kazi?"

"Uongo umekwisha sahihishwa, bwana. Tuingize ukweli."

Liang akaitazama tena, safari hii taratibu. Kisha akavuta kiti. Wakaingiza alama moja moja, na kijivu kikaanza kutoboka.

Ijumaa ukumbi ulijaa, lakini mwenyekiti wa kamati alipouliza nani ana maoni, vichwa viliinama. Ramani iling'ara ukutani, wenyewe wamekuwa mabubu.

"Basi, kama hamna," alisema mwenyekiti, akigusa ule mstari mrefu, "haya mabaki ya mashua yaliyotupwa tutayafukia pamoja na..."

"Yaliyotupwa?"

Ni Mama Chen, amesimama. Nyuma yake wenye ndege, wacheza chesi, ukumbi mzima.

"Mashua hiyo imeshinda mara ngapi, unajua?"

"Ufukie ya babu yako!"

Kila mmoja akaikimbilia ramani kuonyesha pake, na mwenyekiti, amebanwa ukutani katikati ya vidole vile, akainua mikono juu na kucheka. Kamati ikapiga kura pale pale: bwawa libaki, maegesho yatafutiwe kwingine.

Liang akabonyeza, na mbele ya macho ya watu kijivu kikafa, kikaja kibuluu cha maji. Ukumbi ukalipuka. Kazija, aliyejipenyeza mlangoni, akapiga kigelegele ambacho ukumbi ule haukuwahi kukisikia, na wanawake wa Guangzhou wakajaribu kumwiga.

Mwenyekiti alitaka kufunga kikao. Hakuachwa. Mama Chen alikwishamshika Yasir bega.

"Kijana, andika. Mtaro umeziba."

"Na taa za njiani!"

"Na hicho choo!"

Yasir akakunja mikono ya shati, akacheka kwa sauti, akaandika.