Kiti cha Dinah

Alwi hakuwa mwongo. Ungemuuliza yeyote pale Voi, kuanzia stesheni hadi sokoni, angekuambia fundi Alwi wa viti vya magari akisema Ijumaa ni Ijumaa, na akisema ngozi ni ngozi, si plastiki iliyopakwa rangi. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Mwongo aliyezoea huongopa, akaenda zake akalala fofofo. Yeye aliongopa mara moja, tena katika mwezi mtukufu, na uongo wenyewe ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mambo yalianza mwaka wa tisini na tano, zikiwa zimebaki siku chache mfungo uingie. Mzee Silvanus Mwandawiro aliteremka kutoka Mghange, juu milimani, na viti viwili vya gari vilivyofungwa kwenye blanketi. Gari lenyewe lilijulikana Taita nzima. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la Kiingereza, la watu wawili tu, limekaa chini hata kuku walilitazama kwa dharau. Silvanus alikuwa dereva wa meneja wa shamba moja la makonge, na meneja aliporudi kwao Ulaya alimwachia. Basi tangu hapo kila Jumapili ungemwona Silvanus kwenye usukani, na kushoto kwake mkewe Dinah, kitambaa kichwani, wanakwenda kanisani Wundanyi vumbi likiwafuata. Watu waliwacheka hadi wakachoka wenyewe. Dinah alifariki mwaka mmoja kabla ya mzee kuvileta vile viti.

"Fundi," mzee alimwambia Alwi, "shona palipopasuka tu. Ngozi usiibadilishe. Hata ikiwa mbaya namna gani, iache. Nataka ile ile aliyoikalia mama."

"Ondoa shaka, mzee wangu," Alwi akajibu. "Nitashona palipopasuka, basi."

Akavivua vile viti ngozi zake pamoja na usumba wa nazi wa ndani, maana vilinuka ukungu, akavianika uani vipigwe na jua. Hapo hapana kosa, ndivyo fundi yeyote angefanya. Lakini kwa akina Alwi, watu wa asili ya Mombasa waliohamia Voi tangu enzi za babu yake, Ramadhani ikikaribia nyumba hupinduliwa chini juu. Masufuria husuguliwa, mikeka hufuliwa, na kila kikuukuu hutolewa kabla mwezi haujaandama. Mwanaesha, mkewe, alisimama mlangoni pa karakana, leso kaifunga kibwebwe, ufagio mkononi.

"Baba Nasiha, na yale matambara ya uani je?"

Alwi alikuwa kainamia cherehani, ana viti vya matatu ya mtu na mwenye matatu yuko nje anapiga kelele. Hata kichwa hakuinua. "Toa yote, Mwanaesha. Choma. Sitaki uchafu unikute ndani ya Ramadhani."

Harufu ya ngozi inayoungua haifichiki. Ilipomfikia puani Alwi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akatoka mbio hadi uani, lakini wapi! Ngozi ilikwisha jikunja na kuwa nyeusi, na usumba ndio kabisa, hata wa kuokota haukubaki. Mwanaesha alimtazama kwa mshangao. "Si wewe uliyesema?" Na kweli, ni yeye aliyesema.

Angeweza kupanda Mghange siku ile ile. Maneno yenyewe hayakuwa marefu: mzee, nimekosa, niwie radhi. Mwanaesha alimwambia aende. Alwi akasema atakwenda kesho, na kesho yake alikwenda Mombasa kununua ngozi. Mwanamume na ndevu zake, anaogopa kuomba msamaha!

Kazi aliyoifanya pale ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hiyo ndiyo aibu yake. Kilichobaki cha zamani kilikuwa fremu na springi, basi. Ngozi mpya aliitia rangi ya tende, akailoweka kwenye chai ya rangi, akaisugua kwa mchanga, akaipaka rangi ya viatu na kuianika mpaka ikazeeka mbele ya macho yake. Alipomaliza kukishona kila kiti akachukua wembe akakipasua pale pale ilipokuwa imepasuka ngozi ya zamani. Hebu fikiria, fundi mzima anapasua ngozi mpya ili apate pa kushona! Na kile cha kushoto, alichokalia Dinah, kilikuwa kimebonyea katikati kwa miaka mingi ya kukaliwa. Alwi akamwomba mkewe awe anakaa pale akichambua mchele wa futari. Mwanaesha alikaa, siku baada ya siku, hasemi na mumewe, sinia mapajani, mpaka kiti kikabonyea.

Mzee Silvanus alipokuja kuvichukua, hakuangalia mshono. Alipiga goti mbele ya kile cha kushoto, akaweka kiganja pale palipobonyea, akafumba macho.

"Ni yeye," akasema. "Mungu akubariki, fundi. Wewe ni Mwislamu na mimi ni mzee wa kanisa, lakini nitakutaja kwenye sala zangu."

Jioni ile Alwi alifuturu kwa maji tu. Uji haukupita, tende haikupita. Alijiona mnafiki, na alijichukia. Funga yake, alijiambia, ilikuwa ni kushinda na njaa bure.

"Kamwambie," alisema Mwanaesha.

"Baada ya Idi."

Idi ikaja, ikapita. Ikaja Ramadhani nyingine, na Idi yake ikapita vile vile.

Mwaka wa tisini na sita macho ya mzee yakaingia ukungu. Akagonga ng'ombe wa jirani, ng'ombe akapona, lakini mzee akakubali kwamba uendeshaji umekwisha. Akampata mnunuzi, bwana mmoja kutoka Nairobi aitwaye Mulei, mtu mnene mcheshi ambaye biashara yake ilikuwa kutafuta magari ya zamani na kuwauzia matajiri wanaoyapenda. Asubuhi moja gari jekundu likasimama mbele ya karakana ya Alwi, Mulei kwenye usukani, mzee kando yake amekalia kile kiti cha kushoto kwa adabu, kama mgeni kwenye nyumba ya watu.

Mulei aliinamia viti, akavinusa, akapitisha kidole kwenye mshono. "Nielewe, fundi," akasema. "Watu wangu wanataka kitu chenyewe. Kiti cha kuiga ni kama meno ya bandia. Kutafuna yanatafuna, lakini si yako. Hivi ni vyenyewe?"

Alwi alifungua mdomo. Wallahi alitaka kusema. Lakini mzee alimtangulia.

"Ni vyenyewe. Huyu alishona palipopasuka tu. Nimekupa neno langu, na neno langu sijawahi kulirudisha." Kisha akashusha sauti. "Lakini cha kushoto sikuuzii, Bwana Mulei. Kile kinabaki kwangu. Fundi Alwi atakutengenezea kingine, nawe ujue kabisa kwamba ni cha kuiga. Sitaki kumdanganya mtu."

Mulei alikubali. Alwi naye aliinamisha kichwa, watu wakadhani ni unyenyekevu.

Akakitengeneza. Akaiga kile alichokuwa amekiiga, na safari hii kazi ilikwenda upesi, maana mikono ilikwisha zoea. Mwanaesha alipita mlangoni akamwona na chai ya rangi kwenye ndoo. Alisonya tu, akaingia ndani.

Siku ya kukifunga, Mulei alimpitia Alwi na pikapu yake, wakapanda Mwatate, wakapita Wundanyi, mpaka Mghange kwenye baridi na mashamba ya kabeji. Mulei akabaki nje kulitazama gari. Alwi akaingia sebuleni kumwamkia mzee, na hapo ndipo alipokiona. Kile kiti kilikuwa kimewekwa juu ya ubao mzuri, karibu na dirisha, mgongoni kimetandikwa kitambaa cheupe alichofuma Dinah kwa mkono wake. Mbele yake palikuwa na kigoda, na kwenye kigoda kikombe cha chai.

"Keti, fundi. Si hapo," mzee akacheka. "Hapo ni kwa mwenyewe."

Alwi akakaa kwenye stuli.

"Utaniona nimezeeka vibaya," mzee akaendelea. "Kaburi lake liko hapo chini, nalipalilia, silisahau. Lakini hapa ndipo alipokuwa akinisema njia nzima, toka nyumbani hadi kanisani. Punguza mwendo, Silvanus! Wewe unaenda wapi, Silvanus! Unajua sisi Wadawida wa Taita zamani tulikuwa na mapango. Wazee waliweka mafuvu ya wakubwa wao huko, na wakiwa na neno wanakwenda kusema nao. Mimi ni Mkristo, sina pango. Nina kiti. Kila asubuhi naweka mkono hapa, namwamkia kwawuka, ndiyo nakunywa chai."

Akanyoosha mkono, akaupumzisha pale palipobonyea, polepole, kama unavyomgusa mtu aliyelala.

Alwi hakuweza tena. "Mzee, utoe mkono hapo," akasema.

"Kwa nini?"

"Utoe, nakuomba. Hicho si kiti chake."

Akayamwaga yote, machozi yanamtoka. Ramadhani, matambara ya uani, moto, ngozi ya Mombasa, wembe. Alitaka kuliruka lile moja, lakini mkono wa mzee ulikuwa bado uko pale pale, basi akalisema nalo. "Na hapo palipobonyea, mzee, ni mke wangu. Nilimwambia Mwanaesha akae. Siku nyingi alikaa hapo akichambua mchele. Nisamehe. Nisamehe, baba yangu."

Silvanus aliuondoa mkono haraka, kama mtu aliyemgusa mke wa mwenzake gizani akidhani ni wake. Akaufuta kwenye suruali. Mulei alikuwa amekuja mlangoni na spana yake, na uso wake ulionyesha amesikia.

"Umesikia, Bwana Mulei," mzee akasema bila kugeuka. "Vyote viwili ni vya kuiga. Nilikupa neno la uongo. Gari hulazimiki kulichukua."

"Tutaongea baadaye, mzee," Mulei akajibu kwa upole.

Mzee akakivua kiti kile kitambaa cheupe, akakikunja mara mbili. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, na Alwi angeona afadhali apigwe.

"Jivu mlilimwaga wapi?"

"Mzee, ni zamani..."

"Nimeuliza wapi."

"Jaani," Alwi akasema. "Nyuma ya reli, Voi. Watu wote humwaga takataka hapo. Mvua imenyesha mara ngapi, mzee wangu. Hakuna kitu pale."

"Nipeleke."

Mzee alikwisha toka nje, anapapasa kuta kwa sababu ya macho yake mabovu mpaka akaupata mlango wa pikapu. Mulei akamfungulia, mzee akaketi. Alwi akasimama kando ya pikapu, hajui apande au abaki, akajaribu tena kuomba radhi. Mzee akainua mkono kumnyamazisha.

"Mwaka mzima," akasema, kitambaa mapajani. "Mke wangu nimemwacha jaani, na mimi nasalimiana na wako."